Shahada ya Uzamili na Mteremko wa Wundanyi

  

Leo mazungumzo yetu ni ya masomo. Najua masomo yakitajwa redioni, mzazi anafikiria karo na kushika kichwa. Tulia, mzazi. Leo si zamu ya watoto. Nataka tuwazungumzie watu wazima wenye digrii na kazi zao: mhandisi wa kaunti, mwalimu wa chuo cha ufundi, msimamizi wa magari ya kampuni ya watalii. Hawa ndio wanaojiuliza kama warudi darasani kwa stashahada ya uzamili au shahada ya uzamili. Na katika bahari ya masomo, nataka tuchote kikombe kimoja tu: teknolojia ya magari ya haibridi, yaani magari yanayobeba injini ya petroli na mota ya stima kwa pamoja.

Utaniuliza, hayo yanatuhusu nini sisi wa Taita Taveta? Si mambo ya Nairobi hayo, au ya Ulaya?

Nami nakuuliza: teksi uliyopanda juzi, ile iliyokuwa kimya ajabu ikisubiri abiria stejini, ilikuwa gari gani? Kama ilikuwa Toyota Aqua, ulipanda haibridi. Kama ilikuwa Honda Fit, huenda nayo ilikuwa haibridi. Angalia maandishi ya nyuma. Nissan Note ya e-Power, hiyo ni haibridi ya namna yake. Magari haya hayakungoja sera wala semina. Yalishuka melini Kilindini, yakapita hapa Voi yakienda bara, na mengine yakabaki.

Historia yake si ndefu. Toyota walianza kuuza Prius kule Japani Desemba 1997, nalo ndilo gari la kwanza la haibridi kuundwa kwa wingi kiwandani. Sisi huku tunanunua magari yaliyotumika, na sheria yetu inataka gari liwe halijapita miaka minane. Kwa hiyo kile Mjapani alichonunua kipya miaka ile, ndicho kinachotufikia sasa. Na niwaambie jambo moja ninyi mnaoipenda Probox, maana najua Taita bila Probox haiendi sokoni wala haiendi matangani: Probox ya haibridi ilianza kuuzwa Japani mwaka wa 2018. Piga hesabu ya miaka minane mwenyewe.

Sasa tuelewane kwanza jinsi gari hili linavyofanya kazi. Nitakwenda polepole.

Nenda stesheni ya reli ya SGR hapo Voi, usimame uangalie treni ikiingia. Ile injini inayovuta mabehewa, ile inayonguruma, haizungushi magurudumu moja kwa moja. Dizeli inazungusha jenereta, jenereta inatoa stima, na stima ndiyo inayozungusha mota zilizo kwenye magurudumu. Ndivyo treni za SGR zinavyokwenda tangu Madaraka Express ilipozinduliwa mwaka wa 2017. Basi Nissan Note ya e-Power ni mpango huo huo ulioongezwa betri: petroli inafua stima, magurudumu yanasukumwa na mota peke yake.

Toyota wao wamechanganya zaidi. Kwenye Aqua kuna mota mbili na injini moja, zote zimeunganishwa kwa seti ya gia ambayo inagawa nguvu: wakati mwingine mota peke yake, mara nyingi injini na mota kwa pamoja. Ndiyo maana fundi aliyezoea Corolla ya zamani akifungua boneti ya Aqua anatafuta stata haioni. Anatafuta alteneta, nayo haioni. Hazikuibwa! Hazikuwekwa. Mota moja ndiyo inayowasha injini, na kazi ya alteneta inafanywa na kifaa cha kielektroniki kinachopunguza stima ya betri kubwa kuwa volti kumi na mbili. Sasa fikiria fundi huyo amefunzwa miaka kumi na tano kwamba gari lisipowaka, anza na stata. Aanze wapi?

Shikilia swali hilo. Twende Wundanyi kwanza.

Ile barabara ya Mwatate hadi Wundanyi unaijua: kona juu ya kona, mlima upande mmoja, bonde upande wa pili. Wakati wa kupanda hakuna la ajabu, injini inalia, mota inasaidia, betri inapungua. Maajabu yako wakati wa kuteremka. Dereva akiondoa mguu kwenye mafuta, mota inageuka kuwa jenereta. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha, na stima inarudi kwenye betri. Nguvu ambayo gari la kawaida lingeiteketeza kwa kuchemsha breki, hapa inawekwa akiba.

Akiba kiasi gani? Nitatoa hesabu moja, halafu niachane na hesabu. Kutoka Wundanyi hadi Mwatate unashuka kimo cha karibu nusu kilomita. Aqua yenye abiria wanne ikishuka kimo hicho, inaachilia nguvu ya karibu yuniti mbili za stima, yuniti zile zile unazonunua kwa tokeni nyumbani. Upepo na matairi yanakula sehemu yake. Lakini betri ya Aqua hata ikijaa yote haifiki yuniti moja, na kompyuta ya gari hairuhusu ijazwe yote wala ikauke yote. Inaichezesha hapo katikati ili idumu. Kwa hiyo, narudia: mlima wa Taita unatoa nguvu nyingi kuliko betri ya Aqua inavyoweza kupokea.

Basi itakuwaje? Betri itafika kikomo chake na Mwatate bado. Gari halina tena pa kuweka stima. Hapo kompyuta inaamuru mota moja iizungushe injini, bila petroli, ili ile nguvu ya ziada iishie humo. Dereva hajakanyaga mafuta, lakini injini inanguruma kama inapanda Sagalla. Abiria anamtazama dereva. Dereva anatazama dashibodi. Mama aliyeketi nyuma na kikapu cha kabichi anaanza kuomba. Na gari ni zima kabisa! Linafanya kile lililoundwa kufanya.

Lakini dereva asiyejua anafanya nini? Wako wanaoweka nyutro wakiamini wanaokoa petroli. Nisikilize vizuri hapa, dereva. Kwenye nyutro mfumo wa Toyota hauchaji betri. Umeitupa ile akiba yote, na juu ya hapo umezibebesha breki za kawaida kazi nzima ya kulizuia gari kwenye mteremko ule. Hapo kwenye gia kuna herufi B. Wengi hawajawahi kuigusa, wengine wanadhani ni ya kurudi nyuma. Hiyo ndiyo ya mteremko mrefu. Inaifanya injini isaidie kulishika gari. Uiweke ukianza kushuka, na ukifika tambarare uirudishe D, maana kuendesha na B barabara nzima kunakula petroli bure.

Sasa nimesema yote haya kwa nini, na mada yetu ni masomo ya uzamili?

Kwa sababu mteremko ule ni maabara. Mwanafunzi wa uzamili akifunga kifaa kidogo cha kusoma kompyuta ya gari, akateremka na madereva mbalimbali, wenye mzigo na wasio na mzigo, asubuhi ya ukungu na alasiri ya joto, akaandika betri ilijaa kwenye kona ipi, breki zilipata joto kiasi gani, na nyutro iligharimu nini, huyo ana tasnifu mkononi. Na ni tasnifu ambayo SACCO ya matatu itaielewa na mwenye bima ataiomba nakala. Ukweli ni kwamba shahada nyingi za uzamili tunazosoma zinaishia kwenye rafu, na mwenye shahada anaishia kupandishwa cheo, basi. Sina ubaya na kupandishwa cheo. Lakini ukisomea haibridi ukiwa Voi, halafu tasnifu yako yote ikawa ni programu ya kompyuta inayoigiza barabara za mji wa ng'ambo, umeacha nini nje ya dirisha?

Umeacha joto, kwa mfano. Hebu tuzungumze juu ya joto la Voi.

Betri kubwa ya Aqua au Prius imekaa nyuma, maeneo ya kiti cha abiria. Inapata joto ikifanya kazi, kwa hiyo ina feni inayoipoza. Hiyo feni inavuta hewa kutoka wapi? Inavuta kutoka ndani ya gari, kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma. Betri inapumua hewa ile ile unayopumua wewe abiria. Sasa dereva wa Voi, saa nane mchana, anazima AC ili aokoe mafuta, anafungua madirisha, na vumbi jekundu linaingia. Abiria anaegemeza gunia la mahindi kwenye lile tundu. Kichujio kinajaa vumbi. Betri inapumua vumbi na moto. Na betri ya aina hii haina adui mkubwa kuliko joto.

Miezi inapita, taa inawaka kwenye dashibodi, na mwenye gari anaambiwa betri imekufa. Yaani kusafisha kichujio, kazi ya dakika chache, kungeokoa betri ambayo bei yake inamfanya mtu auze ng'ombe. Sisemi kila betri inakufa hivyo. Betri huzeeka, na nyingi zinatufikia zikiwa tayari na miaka yake. Ninachouliza ni hiki: nani amepima zinadumu muda gani kwa joto la Voi, zikilinganishwa na zile za Wundanyi kwenye baridi? Ni kaunti moja, ni madereva wa aina moja, ni magari yale yale, hali ya hewa tu ndiyo tofauti. Mtafiti anataka nini tena?

Na betri ikishachoka, fundi wetu anafanya nini? Anaifungua. Ndani ya betri ya Aqua kuna vipande ishirini vilivyopangwa mstari. Anapima kila kimoja, anaona kimoja au viwili vimelegea, anavitoa na kuweka vingine vilivyotoka kwenye betri kuukuu. Gari linawaka, mteja anashukuru. Baada ya muda taa inarudi, kwa sababu ni kama kufunga ng'ombe wa umri na nguvu tofauti kwenye nira moja. Wale dhaifu wanaburutwa mpaka waanguke. Kuna mafundi wanaojua kuvioanisha kwa kuchaji na kukausha kila kipande kabla ya kukirudisha, wanaandika namba juu yake kwa kalamu, wanapanga upya. Hawakufundishwa hayo darasani. Wameyatoa YouTube, WhatsApp, na kwa kuungua vidole.

Hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu ya leo, msikilizaji, na nitakisema mara mbili. Ujuzi wa haibridi hapa kwetu umegawanyika vipande vitatu visivyokutana. Fundi wa gereji ameona matatizo yote, lakini hana vitabu. Mwalimu wa chuo cha ufundi ana mtaala, lakini mara nyingi hana gari la haibridi la kufungua. Mhandisi mwenye digrii ana hesabu, lakini hajaona Aqua iliyokaa wiki mbili juu ya mawe. Narudia: wa kwanza ana matatizo, wa pili ana mtaala, wa tatu ana hesabu. Masomo ya uzamili ya kitaaluma, yakipangwa vizuri, ndiyo yanayoweza kuwaketisha meza moja.

Na wasipokutana, gharama yake ni nini? Nitoe mfano wa AC, maana huu unauma. Kwenye gari la kawaida kompresa ya AC inazungushwa na mkanda wa injini. Kwenye haibridi nyingi inazungushwa na stima ya betri kubwa, na mota yake iko ndani ya kompresa yenyewe, imelowa mafuta ya kompresa. Mafuta hayo lazima yawe ya aina isiyopitisha stima. Fundi wa AC, mtu mzuri, mwaminifu, anajaza gesi na kuweka mafuta yale yale anayoweka kwenye kila gari. AC inapoza vizuri. Siku kadhaa baadaye kompyuta inagundua stima inavuja, inaandika hitilafu, na gari linaweza kukataa kuwaka. Nani atashuku AC? Watu watabadilisha betri, watabadilisha kifaa hiki na kile, pesa zinakwisha. Kumbe ni chupa ya mafuta.

Haya, tuingie kwenye masomo yenyewe.

Katika mfumo wa sifa za elimu wa Kenya, digrii ya kwanza ni ngazi ya saba, stashahada ya uzamili ni ya nane, uzamili ni ya tisa, uzamifu ni ya kumi. Stashahada ya uzamili ni fupi na imeegemea kazi. Uzamili unaweza kuwa wa masomo na mradi, au wa utafiti na tasnifu. Kwa mtu mwenye familia na kazi, mimi binafsi naipendelea ile ya masomo na mradi, kwa sharti moja: mradi utoke kazini kwake. Na tusidanganyane, uzamili peke yake haukufanyi mhandisi aliyesajiliwa. Hilo liko mikononi mwa Bodi ya Wahandisi, nayo inatazama digrii yako ya kwanza na uzoefu wako.

Utasomea wapi? Usitafute tu kozi iliyoandikwa haibridi mlangoni. Gari hili ni umeme wa nguvu kubwa, ni kemia ya betri, ni programu za udhibiti, ni mitambo. Mwenye uzamili wa uhandisi wa umeme akiamua mradi wake uwe betri ya Aqua, amesomea haibridi. Pale Juja, ndani ya Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, kuna taasisi ya Pan African University inayofundisha uzamili na uzamifu peke yake, pamoja na uhandisi, na wanafunzi wake wanatoka Afrika nzima. Wewe wa Taveta una njia nyingine: vuka Holili, pita Moshi, na kabla hujaingia Arusha mjini utakuta taasisi ya Nelson Mandela ya sayansi na teknolojia, nayo ni ya masomo ya juu tu. Ni karibu kuliko Nairobi. Tunasahau kwamba mpaka wetu ni barabara. Na Japani kwenyewe, yalikotoka magari, kuna mpango unaoitwa ABE Initiative, ulioanza kupokea vijana wa Afrika mwaka wa 2014: unasomea uzamili, kisha unapewa nafasi ya kufanya kazi kwa muda kwenye kampuni ya huko. Kijana wa Voi anayejua matatizo ya Aqua ya Voi akienda kule, ataenda na maswali. Hiyo ni tofauti kubwa na kwenda na begi tu.

Na kama unadhani nasimulia ndoto, tutazame jirani yetu Uganda. Mwaka wa 2008 wanafunzi wa Makerere walishiriki mradi wa Vision 200 ulioongozwa na chuo cha Politecnico di Torino kule Italia, pamoja na wanafunzi wa nchi nyingine, wakabuni gari la haibridi. Waliporudi Kampala hawakuweka cheti kwenye fremu wakanyamaza. Chini ya Profesa Sandy Stevens Tickodri-Togboa na mhandisi Paul Isaac Musasizi, waliunda Kiira EV, gari dogo la betri peke yake, likaendeshwa mbele ya watu Novemba 2011. Mwaka wa 2014 wakatoa Kiira EV SMACK, saluni ya watu watano, na hiyo ilikuwa haibridi: betri, na injini ya petroli ya kufua stima ya kuijaza. Mwaka wa 2016 wakaonyesha basi la Kayoola lenye paneli za jua.

Je, uliwahi kuiona SMACK barabarani? Hapana, na hapa sitaki kupamba. Haikuingia sokoni. Kampuni iliyozaliwa humo, Kiira Motors, iligeukia mabasi ya stima na kujenga kiwanda Jinja. Wako wanaosema fedha za umma zilipotea. Mimi naona kilichobaki ni watu: kundi la wahandisi waliokosea kwa mikono yao wenyewe, kwenye gari lao wenyewe, na ambao leo wanaweza kuunda basi. Gari la majaribio kazi yake ni hiyo.

Sasa turudi Voi. Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopata hati yake mwaka wa 2016, kinajulikana kwa uhandisi wa madini, si kwa magari. Kina kituo cha ubora cha madini na mazingira, CEMEREM, kilichoanzishwa pamoja na vyuo vya Dresden na Freiberg vya Ujerumani. Freiberg wanafundisha mambo ya madini tangu mwaka wa 1765. Utasema, madini na haibridi wapi na wapi?

Fungua betri uone. Betri za Prius na Aqua ninazozizungumzia ni nikeli, pamoja na metali adimu kama lanthani. Betri za lithiamu, kama ya Note, upande mmoja wa kila seli umepakwa grafaiti. Sumaku ya ile mota ina neodimiamu. Sasa muulize mchimbaji yeyote wa tsavorite, kile kito cha kijani, wa Kasighau au Mwatate anatafuta mwamba gani. Atakwambia anafuata ule mweusi unaochafua mikono. Ule weusi ni grafaiti! Tumeuchimba kando miaka yote tukitafuta kijani kilichofichwa ndani yake. Sisemi kesho tufungue mgodi wa betri. Kati ya mwamba mweusi na grafaiti safi ya betri kuna safari ndefu ya kusaga, kutenganisha na kusafisha, na bei ya soko ndiyo inayoamua. Lakini safari hiyo ndiyo hasa uhandisi wa uchakataji wa madini, unaofundishwa hapa hapa mjini.

Na kuna upande wa pili ambao mimi naona una haraka zaidi. Betri zilizokufa zinakwenda wapi? Zimerundikwa nyuma ya gereji. Kenya ina sheria ya usimamizi endelevu wa taka ya mwaka wa 2022, inayomtaka anayeleta bidhaa sokoni awajibike mpaka mwisho wa bidhaa hiyo. Ni sheria nzuri. Lakini mtu aliyeagiza Aqua moja kutoka Japani, akaiuza, ikauzwa tena mara tatu, nani atamfuata kwa betri? Kutoa nikeli kwenye betri kuukuu ni kazi inayofanana sana na kuitoa kwenye mwamba: asidi, joto, kemia, na tahadhari ya mazingira. Kwa hiyo mwanafunzi wa uzamili wa madini hapa Voi anaweza kusomea haibridi bila kugusa usukani. Anaanzia pale gari linapoishia.

Kabla muda haujatuishia, neno juu ya usalama, maana sisi tuko kwenye barabara kuu na ajali tunaziona. Ndani ya haibridi kuna waya wa rangi ya machungwa. Rangi hiyo si pambo. Ni stima ya mamia ya volti, na kwenye Aqua ikishakuzwa inaweza kupita volti mia tano. Gari likigongana mfumo huwa unajikata wenyewe, lakini anayekuja kuokoa watu na shoka asikate waya wa machungwa. Fundi naye, kabla ya kugusa, azime gari, apeleke ufunguo mbali, achomoe plagi ya usalama akiwa na glavu za umeme zilizo nzima, kisha angoje angalau dakika kumi, kwa sababu ndani ya kifaa cha kugeuza stima kuna akiba inayobaki hata betri ikikatwa. Dakika kumi, fundi. Kunywa chai. Je, zimamoto wetu wa kaunti wameonyeshwa hivyo? Wauguzi wa gari la wagonjwa? Mafunzo hayo ni ya siku moja, na mwalimu mwenye uzamili wa fani hii angeyatoa bila shida.

Sasa nasikia fundi mmoja huko gereji akisema: haya yote ni ya wenye digrii, mimi je? Nimeishia darasa la nane, betri za Aqua nimefungua nyingi kuliko profesa yeyote.

Fundi wangu, kwanza una haki ya kusema hivyo. Pili, anza na mitihani ya ufundi ya NITA kama hujafanya, na uulizie utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini, ule unaompa mtu cheti kwa anachojua bila kumrudisha shule ya msingi. Chuo cha ufundi cha Coast Institute of Technology kiko hapa hapa Voi; ingia ofisini, uliza. Tatu, na hili ni la msingi: akija kijana wa uzamili na kompyuta yake akiomba akae gerejini kwako miezi mitatu akiandika unachofanya, usimfukuze. Lakini usimpe bure pia. Mwambie akusomee kile kitabu cha huduma cha gari, kile cha Kiingereza chenye michoro, ukurasa kwa ukurasa, mpaka mwelewane. Na jina lako aliandike kwenye tasnifu, kwenye ukurasa wa shukrani na kwenye ukurasa wa mbinu za utafiti vilevile, maana vipimo ni vyako.

Na nyinyi wahadhiri mnaosikiliza, mkimpangia mwanafunzi msimamizi wa pili, chuo hakitaanguka fundi huyo akialikwa kwenye kikao cha utetezi, akaketi mstari wa mbele, akauliza swali moja.

Wiki ijayo, wakati huu huu, tutazungumzia bei za maji na visima vya Mwatate. Kama una Aqua iliyokaa juu ya mawe, tuandikie ujumbe mfupi utuambie ilianza kuonyesha taa gani. Tutawasomea mafundi wawili, tuone wanatofautiana wapi. Kwaheri, msikilizaji, na ukianza kushuka Wundanyi, weka B.